Uzito wa Malkia

Juba, 14 Machi 2009

Komredi Elkana,

Nimefika. Chuo kilidhani kwamba kunisimamisha masomo kwa miaka miwili, kwa kosa la kuongoza maandamano ya karo, kungeninyamazisha. Kumenipa tu msikilizaji mpya, naye ni bati la duka. Ninauza katika duka la Bwana Sharmarke, Mkenya mwenzetu wa Garissa, hapa soko la Konyo Konyo: sukari, maziwa ya unga, betri, kandambili. Shangazi aliyenitafutia kazi alimweleza kuwa mimi ni msichana mtulivu. Mzee akanitazama kwa dakika nzima, akasema, "Huyu? Huyu macho yake yanatafuta jukwaa." Lakini akaniajiri.

Unajua kwa nini ninaandika badala ya kupiga simu. Mtandao wa huku hukatika katikati ya sentensi, na sentensi zangu unazijua. Barua zitasafiri na malori ya Bwana Sharmarke, Nesitu hadi Nimule, Nimule hadi Kampala, hadi dukani kwa binamu yake Bilow, Eastleigh. Uwe unapita hapo Ijumaa.

Sasa keti, maana nina habari. Baina ya betri na kandambili, kwenye rafu moja na dawa za mbu, nimekuta pakiti za Falme.

Naam, Falme, mchezo wetu wa kadi! Zinatoka Dubai, pakiti thelathini na sita kwa katoni, kadi kumi na moja kwa pakiti, na ubavuni mwa katoni imechapishwa ahadi kwamba katika kila pakiti sita moja ina kadi ya kung'aa. Wanunuzi ni makhawaja, yaani wazungu wa mashirika ya misaada, ambao hushindana kila Jumamosi kwenye hoteli ya makontena kando ya mto. Lakini si wao peke yao. Yuko Teresina, muuguzi aliyekulia Kitale wakati wa vita na kujifunza Falme huko. Kila akipokea mshahara wake wa wiki mbili huja kununua pakiti mbili, huzifungua papo hapo kaunta, na huzipekua kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Jana aliinua kichwa akasema, "Mafi malkia! Hakuna! Kerubo, hawa watu wa Dubai wamemuoza nani huyu malkia?" Duka zima likacheka. Mimi sikucheka.

Nakuuliza, Komredi: ni mchezo gani huu ambao sheria zake zimeandikwa kwa ajili ya wote, ilhali silaha zake zinauzwa kwa mnada? Drafti huchezwa kwa vifuniko vya soda, na kifuniko cha tajiri hakiruki mbali kuliko kifuniko cha maskini. Ni nani aliyewahi kusikia kwamba mtu ameshindwa bao kwa sababu mwenzake alinunua kete zinazokula mara mbili? Wametuuzia akili zetu wenyewe, zikiwa zimefungwa kwenye plastiki, na wala hawakutuonyesha kilichomo kabla ya kulipa! Ndiyo maana pale Meza ya Tatu, chama chetu cha kantini, tulikata manila na kuchora falme zetu kwa mkono. Kadi iliyouzwa elfu kumi na mbili mjini ilitugharimu karatasi na alasiri moja. Malkia wa Chumvi uliyemchora wewe, mwenye pua ya mkuu wa chuo, amenishinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Tuliapa hatutanunua hata pakiti moja. Ninauza sasa, ni kweli. Mwenye njaa hachagui rafu. Lakini kiapo kiko palepale. Nieleze habari za chama, na habari za mashindano ya taifa.

Wako katika mapambano,
Kerubo


Nairobi, 3 Aprili 2009

Kerubo,

Bilow alinikabidhi barua yako kwa mikono miwili, akauliza kama ina pesa ndani, maana ni nzito. Nikamwambia ni maneno tu. Akasema, "Basi huyo ni wa kuoa au wa kukimbia."

Habari za chama: tulikuwa kumi na tisa ulipoondoka, tumebaki wanane. Wengine hawakugombana na mtu. Walinunua pakiti, basi, na aliyenunua huona aibu kuketi nasi na manila zetu. Mashindano ya taifa ni tarehe tano Desemba, katika hoteli moja mjini. Ombi letu la kutumia kadi za mkono limekataliwa. Kila kadi itakaguliwa chini ya taa. Nimeanza kuazima kadi halisi hapa na pale, nikiamini kwamba asiyefika meza ya mwisho hasikilizwi. Nimekamilisha jeshi lote isipokuwa Malkia wa Chumvi. Bila yeye, anayerudisha mezani kadi zilizouawa, mimi ni hospitali isiyo na daktari.

Kuna jambo jingine. Kampuni imemtuma wakala, Bwana Linus, mwenye viatu ambavyo vumbi la Nairobi halivigusi. Aliniona nikicheza, akanialika chai. Anataka nitie sahihi mkataba wa miaka mitatu: kadi zote watanipa wao, mshahara kila mwezi, makazi Johannesburg. Nami nitavaa shati lao, nisicheze kwa kadi nyingine zozote, hata kwa mzaha, hata na rafiki. Namaliza shahada mwezi wa tisa. Wahandisi wa mwaka jana unawajua. Wawili wanauza mitumba, na mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani.

Ananisubiri hadi mwisho wa Oktoba. Nipe sababu ya kutotia sahihi. Moja inatosha, lakini iwe yako.

Elkana


Juba, 25 Aprili 2009

Komredi Elkana,

Moja? Nitakupa zaidi!

Kwanza, mkataba unaomkataza mtu kucheza hata kwa mzaha haukodi mikono yake, unakodi furaha yake. Na mtu akishakodisha furaha atabakiwa na nini cha kumpa ampendaye? Tena, fikiria watakavyokutumia. Watakusimamisha mbele ya watoto, uwaambie, "Nami nilianza kwa pakiti moja." Uongo! Ulianza kwa manila na mkasi wa kuazima. Kisha chama: wanane waliobaki wamebaki kwa sababu yako, na siku utakayovaa shati hilo meza itakuwa meza tu, ya kulia githeri. Na historia itauliza, Elkana. Itauliza ni nani aliyekuwapo mchezo wa watu ulipogeuzwa mnada, na jina lako litakuwa mgongoni mwa shati.

Wasomee wenzetu haya. Mtu asisite kwa sababu ya tumbo. Tumbo hujazwa na mengi, jina halijazwi na kitu.

Mvua zimeanza. Zinapopiga bati hili, muuzaji na mnunuzi hawasikilizani, basi kila mtu huacha alichokuwa akisema na kutazama mlango. Nami hutazama mlango. Sijui kwa nini nakuandikia hili, kwa kuwa si hoja.

Wako katika mapambano,
Kerubo


Nairobi, 30 Mei 2009

Kerubo,

Niliwasomea. Walipiga makofi, na Isaiah akaomba nakala ili aitumie kwenye kampeni za baraza la wanafunzi. Nimeibandika ukutani.

Lakini hukunijibu. Niliuliza sababu iliyo yako, ukanijibu kana kwamba mimi ni ukumbi.

Malkia hapatikani. Muuzaji mmoja wa River Road anaye, na bei yake ni kodi yangu ya miezi mitano. Linus ananipigia simu kila Jumatatu. Ni mtu mwema, na hilo ndilo tatizo lake. Ningependa awe mwovu ili nipate kumkataa kwa urahisi.

Ile aya ya mwisho, ya mlango, sikuwasomea.

Elkana


Juba, 12 Septemba 2009

Komredi Elkana,

Nisamehe ukimya wa miezi mitatu. Barabara ilikatika karibu na Nesitu, kisha kazi ikazidi, kisha nikawa na homa. Sasa niko salama.

Nimefunga kitu ndani ya barua hii, baina ya karatasi mbili ngumu. Kifungue ukiwa umekaa.

Ndiye. Malkia wa Chumvi, halisi, wa kung'aa, bila mkunjo hata kwenye pembe. Usiniulize mengi. Nilitenga sehemu ya mshahara, nikanunua pakiti chache, bahati ikanitembelea. Najua tuliapa. Lakini kiapo kilikuwa chombo, Elkana, na chombo hutumika kufika. Tukikataa kuingia katika jumba lao kwa sababu mlango ni wao, tutalibomoa kutoka wapi? Nenda meza ya mwisho. Ukishinda, simama useme yote tuliyoyasema kantini. Mwambie Bwana Linus kwamba daktari amefika hospitalini na shati lake halihitajiki.

Juba ni njema. Mto umejaa. Teresina bado anamtafuta malkia wake, na bado anatuchekesha.

Wako katika mapambano,
Kerubo


Nairobi, 4 Oktoba 2009

Kerubo wangu,

Niliifungulia mlangoni kwa Bilow, sikungoja kukaa. Nilipiga ukelele, na mwenye duka la jirani akaja mbio akidhani nimeibiwa.

Jumamosi nilicheza mchujo wa mkoa. Mechi sita, nikashinda sita. Katika ile ya mwisho nilikuwa nimebaki na askari mmoja, nikamweka Malkia mezani, naye akawarudisha watano; mpinzani wangu akanipa mkono kabla sijamaliza zamu. Nimefuzu.

Sikuulizi mengi, kama ulivyoomba. Lakini najua mshahara wako, na najua ulivyo na kiapo. Mtu aliyekataa kunywa soda ya mfadhili pale chuoni amekaa Juba akinunua pakiti za kampuni, moja baada ya nyingine, ili mimi nisiende Johannesburg. Nimelifikiria hilo wiki nzima. Naona sasa kwamba ndilo jibu lako, ila hukuliandika kwa maneno.

Jumatatu nilimwambia Linus hapana.

Wako,
Elkana


Juba, 20 Oktoba 2009

Elkana,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu zilikuwa na hoja nzuri sana, nikazichana.

Sikubahatika. Nilipima.

Mzee ana mizani ndogo aliyokuwa akinunulia dhahabu ya Kapoeta zamani. Kadi ya kung'aa ina utando mwembamba wa metali. Kwenye mizani ya sukari pakiti zote ni sawa. Kwenye mizani ya dhahabu, yenye kadi ya kung'aa huzidi wenzake kwa chini ya nusu gramu, na sindano huisema waziwazi. Niligundua hilo mwezi Juni, kwa udadisi tu, mzee akiwa msikitini. Tangu hapo kila katoni ilipofika nilizipima zote. Zile nzito nilizinunua mwenyewe kwa bei kamili. Kumbuka hilo, maana mimi nililikumbuka kila siku: nililipa! Sikuiba hata shilingi. Nyepesi nikazirudisha rafuni, nikawauzia watu. Malkia alikuwa katika pakiti ya kumi na saba.

Teresina alikuwa akiniambia, "Sister, nichagulie wewe, mkono wako una baraka." Nami nilimchagulia. Nilinyoosha mkono nikampa ile niliyojua haina kitu, mara kumi na moja au kumi na mbili.

Jumamosi iliyopita alikuja na mfuko, akaumwagia kaunta. Maganda matupu.

"Bwana Sharmarke," alisema, "hizi ni pakiti ishirini na tatu tangu Juni. Katoni inasema moja katika sita. Mimi si mtu wa hesabu, lakini hata malaria haibagui hivi."

Watu walikuwapo, yapata kumi. Marino dereva, makhawaja wawili, wanawake wa sukari. Mzee akashuka kwenye kiti chake.

"Mama, unasema nafungua pakiti?"

"Mimi sisemi. Maganda ndiyo yanasema."

Mzee akanyanyua mkono wa kulia. "Wallahi, mbele yenu nyote: pakiti zangu zinaingia hapa na plastiki yake, zinatoka na plastiki yake, na hakuna mkono wa mtu uliochagua."

Aliapa, Elkana. Mtu ambaye humpimia mteja sukari kwenye mizani kisha huongeza kijiko, ili ikiwa amekosea iwe ni hasara yake, aliapa kwa jina la Mungu wake juu ya jambo ambalo mkono wangu ulikuwa umelifanya uongo. Teresina akaamini. Akasema, "Malesh, mzee, nisamehe," akaanza kuokota maganda yake moja moja. Nilisimama pale nikiwa na umbali wa hatua mbili kutoka kwenye mizani.

Nilisema. Si kwa ufasaha. Nilisema, "Ni mimi," na ikabidi nirudie kwa sababu hakuna aliyesikia.

Sina la kujitetea. Nilijiambia kwamba kampuni ndiyo inayouza giza, nami nimewasha tu taa. Lakini niliwasha upande wangu peke yangu. Nilipokuwa nikihutubia dhidi ya wafanyabiashara sikuwahi kumpunja mtu. Nimempunja muuguzi, nikiwa nyuma ya kaunta ya mfanyabiashara ambaye hajawahi kumpunja yeyote.

Mzee ameamua kadi zote za kung'aa nilizozitoa zirudi, na walionunua wapige kura ya bahati: jina litakalochotwa ndilo litakalochukua kadi. Nyingine ninazo sandukuni. Malkia unaye wewe. Najua tarehe, najua ulimwambia Linus nini. Ninakuomba umrudishe. Mzee ameomba nafasi chini ya barua hii.

Kerubo

*Kijana Elkana. Mimi Sharmarke. Hatujuani lakini barua zenu nimebeba tangu Machi na sijafungua moja. Hiyo kadi sio yangu, sio ya Kerubo, sio ya Teresina. Ni bahati ya watu, na bahati ya watu hairudishwi kwa pesa, ingekuwa pesa ningelipa leo. Sheikh ameniambia kiapo changu hakina dhambi kwa sababu sikujua. Nimefunga siku tatu hata hivyo, moyo upoe. Msichana sijamfukuza. Analia nyuma ya magunia halafu anakuja kunihutubia kwamba halii. Fanya unavyoona, wewe ni mtu mzima. Salamu kwa Bilow, mwambie alete unga.*


Nairobi, 6 Novemba 2009

Kerubo,

Malkia yumo humu, katika karatasi zilezile.

Sina hasira juu ya mizani. Ningekuwa na mizani, sijui ningefanya nini. Hasira yangu ni juu ya barua ya Septemba, ile ya chombo na mlango na jumba. Nililala nayo chini ya mto. Niliamini mtu amenunua pakiti moja baada ya nyingine bila kujua kilichomo, kwa ajili yangu, na kwa imani hiyo nilifunga mlango wa kazi ya miaka mitatu. Kumbe hata hapo ulikuwa unanihutubia.

Nilimpigia Linus. Nafasi ilikuwa bado wazi. Nimetia sahihi jana. Nitacheza tarehe tano nikiwa na shati, na kadi zao. Tarehe kumi na mbili naondoka.

Barua yako nimeibandua ukutani.

Elkana


Juba, 28 Novemba 2009

Elkana,

Tulipiga kura jana, Malkia akiwa kadi ya mwisho. Majina arobaini na mawili, yaliyokunjwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na Teresina ndiye aliyechota, kwa kuwa wote walisema yeye ndiye aliyedhulumiwa zaidi. Kwa Malkia alichota jina la Marino. Marino hachezi! Hununua pakiti kwa sababu bintiye hupenda picha. Khawaja mmoja alimfuata hadi kwenye gari akiwa na dola mia tatu mkononi. Marino akamwambia atafikiri. Leo asubuhi amerudi akicheka. "Khalas," anasema, "mtoto amekwisha kumpaka gundi. Yuko kwenye daftari la hesabu." Khawaja aliketi juu ya gunia akajishika kichwa, na Teresina alicheka mpaka akaketi kando yake.

Mzee amerudisha katoni zilizosalia. Anasema atauza sukari, sukari haina malkia. Teresina ananisalimu, lakini hataki tena nimchagulie chochote, hata kitunguu.

Hayo ni ya soko. Sasa ya kwangu.

Naujua mlio wa lori la Ijumaa tangu likiwa bado upande wa pili wa daraja. Naacha ninachofanya, napanga upya betri ambazo zimepangika, ili dereva asinione nikimngoja. Akisema hakuna kitu, nasema sikuwa nangoja kitu. Nimefanya hivyo tangu Machi. Mwezi wa tatu hadi wa sita nilikuandikia barua nyingine tano ambazo sikuzituma, kwa sababu hazikuwa na msimamo. Nilipima zile pakiti kwa sababu nilishindwa kuandika sentensi ya neno moja, nikaona ni rahisi zaidi kuiba.

Usiende.

Chama kitajitunza. Historia sijui itauliza nini na sijali. Ukienda utakuwa mbali na mimi, nami sitaki. Nimezunguka neno hili kwa miaka miwili, tangu kantini, nikikuita komredi ili nisikuite jina jingine. Nakupenda. Nimehutubia watu mia nane nikiwa juu ya meza, bila kipaza sauti, na sikuwahi kuogopa jibu kama ninavyoogopa la barua hii.

Njoo Juba, au ningoje Nairobi; nimebakiza mwaka mmoja na miezi mitatu. Na ukiwa umekwisha kwenda, nisamehe, uende salama.

Kerubo


Johannesburg, 17 Januari 2010

Kerubo,

Lori lilikaa mpakani Nimule siku kumi na moja. Barua ilifika kwa Bilow tarehe kumi na nne Desemba, siku mbili baada ya ndege yangu. Alimpa mtu aliyekuwa akija huku kununua vipuri aniletee, na huyo mtu akasahau, akakumbuka, akanitafuta. Nimeipata jana.

Nilishika nafasi ya pili, labda umesikia. Waliniuliza maoni yangu na nikatoa yale niliyopewa.

Kazi yangu ni hii. Kila Jumamosi nasimama mbele ya kamera na watoto waliopangwa mistari, nafungua pakiti, na ndani huwa na kadi ya kung'aa. Kila mara. Huzitayarisha mapema chumba cha nyuma, wanazifunga upya kwa mashine, wananipa kwa mpangilio. Nami hushangaa. Kuna mama mmoja ambaye kazi yake ni kunifundisha kushangaa. Anasema nyusi zangu huchelewa. Watoto wakishaniona huenda kupanga foleni dukani. Nimekufikiria sana katika kile chumba cha nyuma. Wewe uliona aibu kwa ajili ya nusu gramu. Huku hakuna aliyewahi kusimama akasema ni mimi.

Barua yako niliifungua ngazini, baina ya mazoezi na kamera. Tangu nifike huku ndicho kitu pekee nilichokifungua bila kujua kilichomo. Yule mama alinikuta pale, akanitazama usoni, akasema hivyo ndivyo alivyokuwa akinieleza siku zote, niurudie uso huo kwenye kamera. Nikamwambia haurudiwi.

Mkataba umebakiza miaka mitatu kasoro mwezi. Kuuvunja ni kulipa nisichokuwa nacho. Nimeusoma tena, kila kifungu. Sitakudanganya kwamba nakuja kesho. Zile barua tano ambazo hukuzituma, kama hujazichoma, zitume. Sitamsomea mtu.

Mwezi Agosti wananipa likizo ya wiki mbili. Kutoka hapa hadi Juba ni ndege tatu. Nimeuliza bei.

Elkana wako